Miaka Saba Si Hati ya Kumchukua Mtoto

KILA mwaka mpya unapoanza na shule za msingi kufunguliwa, walimu wakuu hupokea mgeni wa aina moja ambaye hahitaji kujieleza sana ili atambulike. Ni baba aliyefika asubuhi na mapema, pengine akifuatana na kaka yake au shangazi wa mtoto, naye ana ombi la uhamisho. Mtoto ametimiza miaka saba. Mama yake, ambaye waliachana naye tangu mtoto akinyonya, anaishi karibu na shule hiyo na hajui lolote juu ya safari inayoandaliwa. Au anajua na amekwisha kukata tamaa, kwa kuwa ameambiwa na wazee, na majirani, na wakati mwingine hata na mtumishi wa serikali aliyeketi nyuma ya meza, kwamba sheria ndivyo isemavyo: mtoto akifika miaka saba ni wa baba.

Sheria haisemi hivyo. Haijapata kusema hivyo hata siku moja tangu Sheria ya Ndoa ilipoanza kutumika Tanzania Bara tarehe 1 Mei 1971. Wala hakuna amri ya mahakama inayojiandika yenyewe usiku wa kuamkia siku ya kuzaliwa mtoto. Hata hivyo imani hii imeenea mijini na vijijini, na kwa kuwa imeenea, watoto huhamishwa bila hakimu yeyote kuulizwa. Hilo ndilo tunalotaka kulizungumza leo, na tunalizungumza kwanza na walimu pamoja na watumishi wa umma, kwa sababu ni mikononi mwao ambamo jambo hili hupita au hukwama.

Kifungu cha 125 cha Sheria ya Ndoa kinaanza kwa kuipa mahakama uwezo wa kumweka mtoto kwa baba au kwa mama na, iwapo kuna sababu zisizo za kawaida zinazofanya isifae kumkabidhi kwa yeyote kati yao, basi kwa ndugu mwingine au kwa chama kinachoshughulikia ustawi wa watoto. Kisha kifungu kinaweka jambo moja juu ya yote, nalo ni manufaa ya mtoto. Chini ya hilo ndipo mahakama inapotazama matakwa ya wazazi, matakwa ya mtoto mwenyewe kama amefikia umri wa kutoa maoni yake, na mila za jamii ya wahusika. Mpangilio huo haukuja kwa bahati. Baba amepewa nafasi ya kusema, mama amepewa, ukoo umepewa. Lakini hakuna hata mmoja kati yao aliyepewa nafasi ya kwanza.

Ndipo inapokuja ile miaka saba. Sheria inaweka dhana kwamba ni kwa manufaa ya mtoto aliye chini ya umri huo kukaa na mama yake, na inasema wazi kuwa dhana hiyo yaweza kuvunjwa kwa ushahidi. Papo hapo, pasipo hata kuvuta pumzi, inaitaka mahakama izingatie ubaya wa kuyavuruga maisha ya mtoto kwa kumhamisha kutoka mlezi mmoja hadi mwingine. Maneno hayo ya mwisho ndiyo husahauliwa. Watu wameikariri namba, wakaacha sababu yake.

Maana yake kwa lugha ya kawaida ni hii. Mtoto akiwa chini ya miaka saba, mama huanza akiwa hatua moja mbele, na anayetaka kumwondoa mtoto mikononi mwake ndiye mwenye mzigo wa kuonyesha kwa nini. Mtoto akivuka umri huo, hatua ile hufutwa, na wazazi wote wawili husimama kwenye mstari mmoja mbele ya hakimu. Dhana ya mama inapokoma haigeuki kuwa dhana ya baba. Inakoma tu. Baba aliyesubiri miaka saba ili akachukue mtoto kama mtu asubiriye mkopo uive, anafika mahakamani mikono mitupu kama hana jambo lingine la kusema ila umri.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imerudia dhana hiyo hiyo ya miaka saba, na imekwenda mbele zaidi. Inaiagiza mahakama, inapotoa amri ya nani akae na mtoto au nani aruhusiwe kumwona, izingatie maslahi ya mtoto pamoja na umuhimu wa mtoto kuwa na mama yake, na katika agizo hilo la pili haikutaja umri wowote. Kisha inaongeza mengine: umri na jinsi ya mtoto, maoni yake kama ameyatoa kwa hiari, uzuri wa kutowatenganisha ndugu wa tumbo moja, na haja ya malezi yasiyokatika katika. Mtu anayesoma orodha hiyo kwa utulivu atatafuta bure mahali palipoandikwa kuwa mtoto hurudishwa kwa baba kama kitu kilichoazimwa.

Namba hii ya saba, basi, ilitoka wapi mpaka ikapata heshima kubwa kiasi hiki? Ina historia ndefu, na historia yenyewe haimsaidii anayeitumia vibaya. Nchini Uingereza, kwa muda mrefu, haki juu ya watoto ilikuwa ya baba karibu yote, na mama aliyetengana na mumewe angeweza kuzuiwa hata kuwatia machoni wanawe. Mwaka 1839 Bunge la nchi hiyo lilipitisha sheria iliyomruhusu mama kuomba mahakamani akae na mtoto aliye chini ya miaka saba. Mwaka 1873 umri huo ukapandishwa hadi 16. Namba ya saba, katika sheria hiyo, ilikuwa ni mlango uliofunguliwa kwa mama katika nyumba iliyokuwa imefungwa. Haikuwa mlango wa kumtolea nje.

Wako wanaoitaja dini. Hapa pia yafaa watu waulize kabla ya kusema. Katika fikihi ya Kiislamu malezi ya mtoto mdogo huwa ya mama, na wanazuoni wa madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo yenye wafuasi wengi katika mwambao wetu, wameeleza kwamba mtoto akifikia umri wa kupambanua mambo, ambao aghalabu hukadiriwa kuwa miaka saba, huulizwa anataka kukaa na nani kati ya wazazi wake. Huulizwa, hanyakuliwi. Huko Zanzibar, ambako Sheria ya Ndoa ya 1971 haitumiki, mambo ya ndoa na talaka za Waislamu husikilizwa na Mahakama za Kadhi, na ipo pia Sheria ya Mtoto ya mwaka 2011.

Na wako wanaoitaja mila. Ni kweli kwamba Tangazo la Sheria za Mila la mwaka 1963, lililokusanya mila za makabila yanayofuata ukoo wa baba, liliwahesabu watoto waliozaliwa ndani ya ndoa kuwa wa upande wa baba. Lakini Tanzania si nchi ya mila moja. Waluguru, Wamakonde na Wamwera wamehesabu ukoo kwa upande wa mama tangu enzi, na baba wa Kimwera ambaye angekwenda kudai mtoto kwa hoja ya mila angeulizwa na wajomba alikoiokota mila hiyo. Serikali ilipotoa mwaka 1969 mapendekezo yake juu ya sheria moja ya ndoa, kusudi lilikuwa kuziweka chini ya paa moja ndoa za kimila, za kidini na za kiserikali, ili haki ya mtoto wa Songea isipishane na ya mtoto wa Musoma kwa sababu ya ng'ombe waliotolewa au ambao hawakutolewa. Mila imebaki mahakamani kama jambo la kuzingatiwa. Haikubaki kama hukumu.

Tukiiacha namba hiyo, tunafika kwenye swali lenyewe ambalo hakimu hana budi kulijibu. Swali hilo haliulizi ni nani mzazi mwema kuliko mwenzake, wala ni nani aliyeivunja ndoa. Mume aliyekuwa na hawara anaweza kuwa ndiye anayewapikia watoto uji kila asubuhi. Mke mwaminifu kabisa anaweza kuwa hana muda nao. Makosa ya ndoa huingia katika shauri la mtoto pale tu yanapomgusa mtoto, kama vile ulevi unaomlaza na njaa, au mkono mwepesi wa kupiga. Vinginevyo kumpa mtu mtoto kwa sababu ametendewa vibaya na mwenzi wake ni kumgeuza mtoto fidia.

Swali la haki ni dogo na la kawaida mno. Nani atakayemwamsha mtoto huyu? Akipandwa na homa usiku, ni nani atakayekuwa ndani ya nyumba hiyo? Tuchukue mfano wa baba na mama, wote watumishi, waliotengana wakiwa Morogoro. Baba amehamishiwa Bukoba. Anaomba mahakama impe watoto wawili, wa miaka tisa na kumi na mmoja, naye anaonyesha kuwa ana nyumba nzuri na cheo kizuri. Akihojiwa vizuri inabainika kuwa watoto hawataishi Bukoba hata kidogo. Watapelekwa kijijini kwa bibi yao, mama wa baba, ambaye ana umri mkubwa na anawalea wajukuu wengine wanne. Hapo shauri si tena kati ya baba na mama. Ni kati ya mama na bibi, ila bibi hakuitwa kutoa ushahidi. Hali kadhalika mama anayeomba watoto ilhali anafanya kazi Dar es Salaam kuanzia alfajiri hadi usiku, na anayewalea kwa kweli ni msichana wa kazi wa miaka kumi na sita, hana budi kueleza jambo hilo waziwazi. Wahenga walisema kuzaa si kazi, kazi ni kulea, na mahakama inapaswa kumtafuta yule anayeifanya kazi hiyo kwa mikono yake.

Wanaoikwepa hoja hii hukimbilia fedha. Utasikia: mama hana kazi, atawalisha nini? Hoja hii inasikika kuwa ya busara, na imewanyang'anya akina mama wengi watoto wao, lakini sheria iliijibu tangu 1971. Sheria ya Ndoa inasema kuwa ni wajibu wa mwanamume kuwatunza watoto wake, wawe wanakaa naye au wanakaa na mtu mwingine yeyote, kwa kuwapa malazi, mavazi, chakula na elimu kwa kadiri ya uwezo wake. Mshahara wa baba unamfuata mtoto aliko. Hivyo basi baba anayesimama mbele ya hakimu na kusema, "Mimi nina uwezo, yeye hana," hajatoa sababu ya kupewa mtoto. Ametoa ushahidi wa kiasi anachopaswa kutoa kila mwezi. Sheria ya Mtoto nayo imempa mtoto wa wazazi waliotengana haki ya kuendelea kupata matunzo na elimu ya kiwango kile kile alichokuwa akipata kabla ya kutengana. Kama alikuwa akinunuliwa viatu vya shule, talaka haimvui viatu.

Kwa upande wa matunzo nchi hii iliwahi kuonyesha jinsi sheria inavyoweza kulala usingizi. Sheria ya zamani iliyohusu watoto waliozaliwa nje ya ndoa iliweka ukomo wa shilingi 100 kwa mwezi kuwa fedha ambazo baba angeamriwa kutoa. Kuna wakati shilingi 100 zilikuwa fedha. Baadaye zikawa hazinunui hata mkate, na bado ukomo ule ukabaki katika vitabu mpaka sheria hiyo ilipofutwa na Sheria ya Mtoto mwaka 2009. Tunakumbusha jambo hili kwa sababu amri nyingi za matunzo zinazotolewa leo zitakuwa shilingi 100 za kesho, kama mzazi anayekaa na mtoto hatajulishwa kwamba anaweza kurudi mahakamani na kuomba amri ibadilishwe hali inapobadilika.

Wala tusieleweke vibaya kwamba tunawatetea akina mama dhidi ya akina baba. Kanuni ya kutomhamisha hamisha mtoto haina jinsia. Yuko baba aliyeachiwa mtoto wa miaka miwili, akamlea, akamfundisha kusoma, na baada ya miaka sita mama akarejea akiwa na mume mpya na kudai kwamba mtoto hukaa na mama. Baba huyo anayo ngao katika kifungu kile kile cha 125, na mahakama isione haya kumpa. Hali kadhalika yuko mama aliyepewa mtoto kwa amri halali, akayageuza malezi kuwa kisasi, akabadilisha namba ya simu na shule, na kumwambia mtoto kuwa baba yake amekufa. Sheria ya Mtoto imempa mtoto haki ya kumtembelea mzazi wa pili na kukaa naye anapotaka, madhali ziara hizo haziharibu masomo yake. Ni haki ya mtoto hiyo. Mama hawezi kuitoa kwa hisani wala kuizuia kwa hasira, na baba naye hawezi kuisusa kwa sababu ameshindwa kesi.

Sasa tuseme juu ya mahakama zenyewe, maana hazikosi lawama. Liko tatizo moja ambalo kila hakimu mwenye uzoefu analijua. Ikiwa utulivu wa mtoto una uzito, basi mzazi anayemnyakua mtoto kwanza, kisha akaivuta kesi kwa maahirisho miaka miwili, atafika siku ya hukumu akisema kwa sauti ya upole kwamba mtoto amekwisha kuzoea, na si vema kumvuruga. Aliyevunja utulivu anaomba zawadi ya utulivu. Kanuni njema inakuwa silaha ya mtu mwenye miguu miepesi, na mahakama iliyochelewa haina tena cha kuamua, kwa kuwa muda umekwisha kuamua kwa niaba yake.

Dawa ya ugonjwa huu haihitaji sheria mpya. Sheria ya Ndoa inasema mahakama yaweza kutoa amri juu ya mtoto wakati wowote. Haikusema mpaka talaka ikamilike. Hakimu anaweza, na kwa maoni yetu anapaswa, kutoa amri ya muda katika siku za mwanzo kabisa za shauri, ya kumrudisha mtoto mahali alipokuwa akiishi kabla ya ugomvi, isipokuwa pale tu ambapo mahali hapo pana hatari. Na anapopima utulivu, ahesabu miaka ya kabla ya mtoto kunyakuliwa, asihesabu miezi ya baada yake. Sheria ya Mtoto imekataza kumwondoa mtoto kwa njia isiyo halali kutoka kwa mtu anayekaa naye kihalali. Katazo hilo litakuwa kejeli kama anayelivunja atapewa faida ya kulivunja. Mahakama ilipoanzisha mwaka 2021 kituo jumuishi cha Temeke kwa ajili ya mashauri ya mirathi na familia, ilionyesha kuwa imelitambua jambo hili kuwa lataka nafasi yake na watu wake. Wilaya zilizo mbali na Temeke zina watoto vilevile.

Lakini hakimu, hata awe mwepesi namna gani, huamua kwa yale yanayofikishwa mbele yake. Na hapa ndipo tunapowageukia wasomaji wetu.

Mwalimu wa darasa anajua mambo ambayo hakuna wakili atakayeyapata. Anajua mtoto huyu alianza kukosa shule mwezi gani. Anajua ni nani hufika siku ya kikao cha wazazi, ni nani hutia saini taarifa ya maendeleo, ni nani aliyekuja mbio siku mtoto alipoanguka uwanjani. Daftari la mahudhurio ni ushahidi mzito kuliko viapo kumi vya mashangazi wa pande zote mbili. Hata hivyo walimu wengi, wakiombwa kueleza wanayoyajua, hujibu kuwa hawapendi kuingilia ugomvi wa nyumba za watu. Twaelewa hofu hiyo. Mwalimu anaishi kijiji kile kile na baba yule yule, na pengine ndiye mwenyekiti wa kamati ya shule. Lakini kunyamaza nako ni kuingilia, tena kwa kumsaidia mmoja. Sheria ya Mtoto imeweka wajibu juu ya kila mwanajamii mwenye habari kwamba haki za mtoto zinavunjwa, au kwamba mzazi mwenye uwezo anakataa kumpa mtoto chakula, mavazi, matibabu au elimu, apeleke habari hizo kwa serikali ya mtaa wa mahali hapo. Mwalimu hakusamehewa wajibu huo.

Ipo pia kazi ngumu zaidi ya kumsikiliza mtoto. Sheria zote mbili zinataka maoni yake yatazamwe, na Sheria ya Mtoto inasisitiza kuwa yawe yametolewa kwa hiari. Kila mwalimu wa darasa la tatu ameona mtoto aliyekaririshwa: anatoa maneno ya mtu mzima, hatazami usoni, na akiulizwa swali la pili anarudia jibu la kwanza neno kwa neno. Mwalimu ana ujuzi wa kuitambua sauti hiyo kuliko watu wengi wanaokaa mahakamani. Afisa Ustawi wa Jamii anayeandaa taarifa na asipite shuleni ameacha nusu ya kazi yake njiani.

Juu ya taarifa hizo tuna neno. Sheria ya Ndoa inaitaka mahakama, kila inapowezekana, ipate ushauri wa mtu mwenye mafunzo au uzoefu katika ustawi wa watoto, ingawa haifungwi na ushauri huo. Tunajua kuwa Maafisa Ustawi wa Jamii ni wachache, na kwamba afisa mmoja anaweza kuwa na kata nyingi na asiwe na hata pikipiki. Pamoja na hayo, taarifa iliyoandikwa ofisini baada ya kumhoji mzazi mmoja aliyefika akiwa amevaa vizuri si taarifa. Ni afadhali afisa amwambie hakimu wazi kwamba hajafika katika nyumba hizo mbili, ili apewe wiki mbili zaidi, kuliko kuandika kurasa ambazo zitampeleka mtoto mahali ambapo mwandishi hajapata kuvuka kizingiti chake.

Maafisa utumishi nao wasijione wako nje ya habari hii. Mtumishi anayejitangaza fukara mbele ya mahakama anayo hati ya mshahara katika jalada lake, na mahakama ikiiomba isicheleweshwe kwa urafiki wa ofisini. Tena uhamisho wa mtumishi ambaye yumo katikati ya shauri la watoto, au ambaye amepewa amri ya kukaa nao, ungefikiriwa mara mbili. Hatusemi mtumishi kama huyo asihamishwe kamwe. Tunasema kuwa barua ya uhamisho inaweza kuitengua hukumu ambayo mahakama ilitumia mwaka mzima kuifikia, na anayeisaini angalau ajue anachokifanya.

Turudi kwa mwalimu mkuu na mgeni wake wa Januari. Mwalimu si hakimu, na pasipokuwa na amri ya mahakama hawezi kumwambia baba kwamba hana haki juu ya mwanawe. Lakini hapo mezani pake anaweza kufanya mambo matatu kabla ya kugonga muhuri wa uhamisho. Aulize kama ipo amri ya mahakama juu ya mtoto huyo, na kama ipo aione kwa macho yake. Amwite mzazi wa pili, au ampigie simu, asikie kama anajua. Na wawili hao wakipingana, asiwe yeye wa kuwaamulia. Awaelekeze kwa Afisa Ustawi wa Jamii na mahakamani, na mtoto aendelee kuketi kwenye dawati lake mpaka jibu litakapotoka. Baba akisema kwa ukali kwamba mtoto ametimiza miaka saba na sheria inajulikana, mwalimu amwombe, kwa adabu, amwonyeshe kifungu.